Habari Ziwafikie

Chumba cha uani, Mtemani, Wete.
Hatua sita hadi dirishani, nne hadi kitandani.
Nimezipima tangu nishuke melini na mfuko wa vipuri,
daktari wa bandarini akaniandikia siku kumi na nne
kwa kalamu iliyokuwa ikikata wino.

Siku ya kwanza niliona raha.
Siku ya tatu nyufa za dari nimeshazipa majina.

Chakula huja na mlio wa bati sakafuni.
Hidaya hugonga mara mbili, hurudi nyuma hadi karoni,
ndipo nami nafungua: muhogo wa nazi,
changu wa kukaanga, kipande cha boflo.
Kikombe changu kimefungwa uzi mwekundu mkononi,
kama mbuzi aliyekwisha kununuliwa.

Zamani, ukisema kwetu "fulani kajitenga,"
umeshamtukana. Ni mtu haji harusini, hasogei matangani,
haonekani bega lake chini ya jeneza.
Tulimwambia: ngoja, siku yako utajizika mwenyewe.
Leo neno lile lile lasomwa redioni kwa upole,
baada ya wimbo wa kunawa mikono,
nami sasa ni raia mwema.

Redio si yangu. Ya Maalim Mbwana, nilipewa niitengeneze;
imepona siku ya pili, mwenyewe hathubutu kuja kuichukua.
Inasema: ndege hazitui. Hoteli zimefungwa. Skuli zimefungwa.
Miji nisiyoweza kuitamka inahesabu watu wake,
wapya, waliopona, waliokufa, jumla,
na msomaji huvuta pumzi kabla ya "jumla"
kama mtu anayeruka mtaro.

Kisha ipo taarifa ya pili, ya nje ya mlango.
Thureya, miaka sita, kiti chake ndoo iliyopinduliwa:
"Hii ni Redio Thureya. Kuku wa Bi Subira katotoa.
Vifaranga saba. Mmoja kachukuliwa na kunguru. Jumla sita.
Paka haonekani.
Mama kavunja chungu, kasema nisitangaze."

Nacheka mpaka nakohoa,
na nyumba nzima inanyamaza.
Hata mwiko umesita chunguni.
"Mate tu!" napiga kelele. "Yamenipalia! Mate tu!"

Siku ya tisa, asubuhi, matangazo ya vifo.
Nina bisibisi mkononi, maneno siyafuati,
nasikiliza mkwaruzo wa spika kama umepungua.
"Faki Shaame wa Konde anasikitika kutangaza
kifo cha dada yake, Bi Mize Shaame.
Maziko ni leo saa saba mchana, huko huko Konde.
Habari ziwafikie Kombo Shaame wa Micheweni,
Mwatime wa Kengeja,
na Ngwali, fundi redio, wa Wete,
popote alipo."

Popote nilipo.

Jina langu limepita kwenye waya niliouchomelea mwenyewe,
limevuka mlango bila kuulizwa cheti,
limefika Konde, limekaa mkekani na wanaume.
Mie nimebaki na risasi ya kuchomelea ikipoa kwenye ncha.

Shangazi Mize. Niliifungua redio yake nikiwa na miaka minane
nimtafute mtu anayesema humo ndani.
Alinichapa. Kisha akaniwashia kibatari, akanishikia,
maana na yeye, alisema, siku nyingi alitaka kumjua.

Saa saba nikatandika msala, hatua ya tatu kutoka dirishani.
Takbira nne, hakuna rukuu. Safu ya mtu mmoja.
Nilipotoa salamu kulia palikuwa na ukuta,
kushoto palikuwa na mfuko wa vipuri.

Nje, ndoo ikaburuzwa.
"Baba, Ngwali wa redioni ni wewe?"
"Ni mie."
"Kwa hiyo umeshatoka?"

Nikatafuta jibu darini, kwenye nyufa zangu.
Hazikuwa nalo.
"Soma taarifa," nikamwambia.

Akasafisha koo kama wanavyofanya wasomaji.
"Vifaranga sita," akasema.
"Wote wapo. Wamelala."